Kusoma kwa Sikio

Mwaka juzi, masika yakiwa yamelijaza bonde maji hata mtu asijue Mto Kilombero unaanzia wapi na unaishia wapi, daktari wa macho hapa Ifakara aliniambia kuwa nina presha ya macho. Alikuwa kijana mpole. Alisema dawa ya matone italinda nuru iliyobaki, lakini ile iliyokwisha kupotea hairudi. Nilimwuliza swali moja tu, kama nitaendelea kusoma. Akajibu kwamba nitasoma, ila kwa kiasi. Msomaji mpendwa, mimi nimefundisha walimu zaidi ya miaka thelathini na kustaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu. Siku ile niliambiwa nisome kwa kiasi kama mlevi anavyoambiwa anywe kwa kiasi.

Likizo iliyofuata mjukuu wangu alikuja, akanitilia katika simu hadithi zinazosomwa kwa sauti, akanipa na vile vidude vya kuchomeka masikioni. "Shikamoo Babu, sasa utasoma umelala," akasema huku akicheka. Nikamjibu kwamba huko si kusoma, ni kusimuliwa. Aliniachia simu mezani, na kwa wiki mbili sikuigusa.

Neno hilo la "kusimuliwa" sikulitamka mara ya kwanza siku ile. Katika miaka ya themanini tulikuwa na mwanachuo mwenye macho mabovu. Usiku wenzake walimsomea vitabu vya fasihi kwa taa ya chemli bwenini, naye akasikiliza. Siku ya zoezi nilimwuliza kwa mdomo juu ya Kusadikika cha Shaaban Robert. Alinieleza Karama na wale wajumbe sita mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja nchi aliyotumwa na yaliyompata aliporudi, pasipo kukosea. Nikamwambia, "Hukusoma, umesimuliwa," nikampa alama ya chini. Akauliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Sikumjibu, kwa sababu hakuwa amekosea popote.

Basi nilipoichukua ile simu hatimaye, niliichukua nikiwa na deni.

Lazima niseme kwanza kwamba jambo hili si geni kama vijana wanavyodhani. Huko Uingereza vitabu vya kusikiliza vilianza kutolewa mwaka 1935 katika santuri, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita vya Kwanza vya Dunia na vipofu wengine. Mojawapo ya vile vya mwanzo kilikuwa hadithi ya upelelezi ya Agatha Christie. Na hapa kwetu? Mwaka 1973 nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka chuoni juzi, nikapewa kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi kama kile, kila wiki, wakisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kilipokwisha tulifungua kijitabu, anayejua kusoma akasoma kwa sauti, kisha tukajadiliana, halafu tukaenda kuchimba vyoo. Mimi niliyekuwa na kijitabu mkononi mara nyingi nilisahau kipengele fulani. Wazee waliosikiliza tu hawakusahau. Bibi mmoja alikuwa akinisahihisha mbele ya watu, nami nilikuwa nikiona haya.

Hata kabla ya hapo, nikiwa darasa la nne, nilimsomea baba yangu juu ya dungu tulipokuwa tukiamia ndege katika mpunga. Nilisoma ukurasa, nikapiga kelele kufukuza ndege, nikarudi kwenye ukurasa. Jioni baba aliisimulia hadithi ile ile nyumbani, bora kuliko ilivyokuwa kitabuni. Nani kati yetu alikuwa amekisoma kitabu kile? Kwa kanuni yangu ya chuoni, ni mimi.

Lakini mimi si mtu wa kugeuka upepo unapogeuka. Nimesikiliza sasa kwa zaidi ya mwaka, na maoni yangu ni kwamba vitabu havifanani mbele ya sikio. Shaaban Robert hapungukiwi na kitu. Sentensi zake zimepimwa kwa pumzi. Upande mmoja hunena na upande wa pili hujibu, na niliposikia Kusadikika kikisomwa vizuri niligundua kwamba kwa miaka yote nilikuwa nikikisoma haraka mno. Tena kitabu chenyewe ni habari ya watu wanaosikiliza. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, naye hana silaha ila maneno, na baraza linakaa kimya kumsikia. Ukikisoma kwa jicho wewe ni mwanafunzi wa fasihi. Ukikisikia, umeketi barazani pamoja na wale watakaohukumu. Mwanachuo wangu alikuwa ameketi pale.

Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla, kilichotolewa mwaka 1960, ni suala lingine. Katika hadithi ya upelelezi msomaji ana haki ya kurudi nyuma kuhakiki kama alidanganywa. Mimi daima nilikuwa nikirudisha kurasa ili nimkamate Bwana Msa kwa kosa. Kwa sikio siwezi. Mambo yanapita kama gari moshi la TAZARA likivuka bonde usiku. Nimebaki kama Najum, nikimfuata Bwana Msa bila kujua anaona nini. Nakiri kwamba hadithi imeninogea zaidi hivi, ila uhakiki wangu umelegea. Furaha na uhakiki si ndugu wa tumbo moja.

Halafu kuna Kezilahabi. Mtu yeyote anayedai kwamba kusikiliza ni sawasawa na kusoma, apewe Nagona, kitabu chembamba cha mwaka 1990, akisikilize huku akipembua mchele. Hatafika popote. Kitabu kile kinamtaka mtu asimame, arudi, atazame sentensi moja kwa robo saa, akasirike, akifunge, akifungue tena. Sauti haikusubiri. Unaweza kuirudisha nyuma, naam, lakini kidole changu kizito hurudisha sura nzima badala ya sentensi, na nikishaipata nimesahau nilichotafuta. Kalamu ya risasi haikuwa na tabu hiyo.

Mashairi ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika si kitu. Ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa uliozuka baada ya Kichomi cha 1974 nimeufundisha mara nyingi kama ugomvi wa vina na mizani. Leo nadhani ulikuwa pia ugomvi wa sikio na jicho. Utenzi husikika ulivyo hata gizani. Kina hukwambia mstari umekoma. Shairi huru hukatwa kwa nafasi nyeupe ya karatasi, na msomaji wa sauti asiye mwangalifu huliunga likawa nathari. Simlaumu mshairi. Lakini wale wazee waliolalamika kwamba hawasikii shairi mle walikuwa wakisema kweli tupu. Hawakulisikia.

Jambo linaloniudhi kupita yote ni sauti yenyewe. Wasomaji wengine hulia mahali ambapo mwandishi hakulia, na hucheka kabla ya mzaha kufika. Wameweka na muziki nyuma, kama tangazo la sabuni. Kejeli ndiyo inayoumia kwanza, kwani ukisoma mwenyewe unaamua kama mhusika anasifu au anakejeli, na ukisikiliza umeshaamuliwa. Miaka ile watoto walipomsikiliza Debora Mwenda katika Mama na Mwana redioni, walipata msimulizi aliyejua kunyamaza. Kunyamaza ni ufundi, nao wengi wa hawa wapya hawanao. Tena wengine husoma vitabu vya watu bila idhini ya mwandishi wala mchapaji, na hilo kwangu ni wizi hata kama mwizi ana sauti tamu.

Hata hivyo naendelea kusikiliza, kwa sababu jioni ukurasa hunigeukia ukungu. Tumepata mwafaka na mjukuu. Vitabu vya Shaaban Robert na hadithi nyingine za kusimulika naachia simu. Vile vigumu ananisomea yeye mwenyewe barazani kila ajapo, kitabu mkononi, nami nikimsimamisha nitakavyo. Mwezi uliopita tulichukua Utendi wa Mwana Kupona. Nimeufundisha sijui mara ngapi, lakini nilikuwa nimepita haraka juu ya mwanzo wake. Mama yule wa Pate, mwaka 1858, ni mgonjwa. Anamwita binti yake amkaribie, achukue wino na karatasi, aandike anayotaka kumwambia. Maneno yanatoka mdomoni mwa mama, yanaingia sikioni mwa binti, ndipo yanapofika kwenye karatasi.

Nilimwomba mjukuu asome tena hapo, kisha tena. Nikamweleza habari za yule mwanachuo, jambo ambalo sikuwahi kumweleza hata bibi yake. Akaniuliza jina lake. Nilimtajia, na sasa anamtafuta katika simu yake. Asema walimu wengi wastaafu wanapatikana humo. Nimemwambia akimpata asimwandikie chochote. Anipe simu niseme naye kwa mdomo.