Sifa za Mpima Moshi

Gesi hufungika kwenye mtungi. Fundi wa vipimo anayekagua kipima kaboni monoksaidi huletewa mtungi wenye mchanganyiko unaojulikana, akaufungua, akaona kama chombo kinasema kweli. Moshi wa dizeli haukubali kuhifadhiwa hivyo. Chembe za masizi hugongana, hushikamana, hunenepa, kisha hutua; moshi uliofungiwa leo kesho si ule tena. Kwa hiyo mpima moshi hana moshi wa kulinganishia. Ana kipande cha kioo cha kijivu tu, kinachozuia mwanga kwa kiasi kinachojulikana. Namsifu kwa yale anayoyajenga juu ya kioo hicho.

Chombo chake hupitisha mwanga, aghalabu wa kijani, katikati ya moshi, na upande wa pili hupima mwanga uliosalia. Mwaka 1729 Mfaransa Pierre Bouguer alionyesha kwamba tabaka zenye unene sawa hupunguza mwanga kwa uwiano uleule, tabaka baada ya tabaka. Ndiyo maana asilimia ya mwanga uliozuiwa hugeuzwa kwa logarithimu kuwa mgawo wa ufyonzaji kwa kila mita, na njia ya mwanga iliyozoeleka ni milimita 430.

Logarithimu hiyo haina huruma. Chombo kikikosea kwa asilimia 1 moshi ukiwa mwepesi, wa asilimia 10, mgawo hupotoka kwa 0.03 hivi. Kwenye asilimia 66 hupotoka kwa 0.07, na kwenye asilimia 90 kwa 0.23. Kosa ni lile lile, ila uzito wake hukua kadiri moshi unavyokuwa mzito. Nchini Uingereza kikomo cha magari ya zamani ya dizeli yasiyo na turbo ni 2.5, yaani kwenye hiyo asilimia 66.

Lakini kioo hutulia, moshi hautulii. Injini ikiwa bado baridi, moshi hubadilika, ndiyo maana oili husubiriwa ifike nyuzi 80 hivi. Masizi yakitanda kwenye lenzi, chombo huyahesabu kama moshi. Mvuke ukiganda kuwa matone, nao huzuia mwanga. Kisha kuna mguu. Jaribio lenyewe ni kukanyaga mafuta hadi mwisho, gari likiwa limesimama, mpaka injini ifike kikomo cha mizunguko yake. Mguu wa haraka na mguu wa kusitasita hutoa moshi tofauti kutoka injini moja, na kinachotafutwa ni kilele cha muda mfupi mno. Mpimaji stadi hukanyaga kwa namna ileile kila mara, na hachukui jibu la mara moja: hurudia, huona kama majibu yanakaribiana, ndipo anatafuta wastani.

Mahali nako kuna neno lake. Lori lisilo na turbo likipimwa Mombasa, kisha Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi ambako hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita, injini hukosa oksijeni na moshi huzidi. Namba zote mbili ni za kweli, kila moja kwa mahali pake.

Mwongozo wa kimataifa wa mashaka ya vipimo, uliochapishwa mwaka 1993, ulifundisha kujumlisha miraba ya mashaka, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Tuseme shaka la chombo ni 0.07 na la mguu ni 0.2. Shaka la pamoja ni 0.21. Chombo hakijaongeza karibu chochote! Anayejua hesabu hii hatapoteza fedha kutafuta kioo bora zaidi, atamfundisha anayekanyaga. Ustadi huu wa kujua shaka lipi lishughulikiwe kwanza ndio ninaouheshimu kuliko usahihi wa chombo chochote.

Zidisha 0.21 kwa mbili, upate upana unaobeba takriban asilimia 95 ya uwezekano. Lori lililosoma 2.6 basi ni 2.6, kuongeza au kupunguza 0.4, na kikomo ni 2.5. Dereva ana riziki ya siku nzima kwenye jibu hilo, na mama anayeuza mihogo kando ya barabara ana mapafu yake. Ni nani kati yao abebe hilo shaka ni jambo la watunga sheria, nao yawapasa waliseme mapema. Mpima moshi wajibu wake ni kuiandika 0.4 kando ya 2.6, hata kama fomu haikumwekea nafasi.