Lugha ya Mkaguzi: Ubora, Udhibiti na Hati Safi

Msomaji wa jarida la fasihi huenda akashangaa kukuta hapa makala juu ya istilahi za wakaguzi na wasimamizi wa ubora. Taarifa ya ukaguzi si shairi wala riwaya, na waandishi wake hawadai hivyo. Lakini ni maandishi ya Kiswahili: husomwa katika mabaraza ya madiwani, hunakiliwa magazetini, na hatimaye humfikia raia ambaye fedha zake ndizo zinazosemwa humo. Maandishi yenye nguvu ya namna hiyo yanastahili kuhakikiwa kama mengine.

Nianze na neno lililo mama wa mengine, yaani ubora. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mfululizo wake wa 9000 kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Katika toleo la 2015 la msamiati wa mfululizo huo, ubora umeelezwa kuwa ni kiasi ambacho sifa zilizomo ndani ya kitu zinatimiza matakwa yaliyowekwa. Maana hiyo haina sifa njema wala lawama. Kiasi chaweza kuwa kikubwa, chaweza kuwa kidogo. Neno la Kiingereza huuchukua mzigo huo bila taabu, kwa kuwa asili yake ya Kilatini ni kuuliza tu kitu ni cha namna gani. Letu hulemewa. Ubora umetoka katika bora, na kilicho bora kimekwisha kuvipita vingine. Ndiyo maana "ubora hafifu", maneno tunayoyasoma kila siku, yakitazamwa vema ni kama kusema weupe mweusi.

Hasara yake si ya sikio peke yake. Viwango hivyo vinatenga ubora na daraja. Nyumba ya wageni isiyo na feni, ikiahidi shuka safi na ndoo ya maji na ikavitoa kila siku bila kukosa, ina ubora mkubwa katika daraja la chini. Hoteli ya fahari inayoahidi maji ya moto ikatoa ya baridi ina daraja la juu na ubora mdogo. Mwanafunzi aliyezoea kwamba ubora ni kule kuwa bora hulikuta jambo hili kama kitendawili, na huenda akaondoka akidhani usimamizi wa ubora ni shughuli ya matajiri. Silipendekezi neno jingine. Hili limekwisha kupigwa chapa katika alama za bidhaa, na sifa, ambalo lingeweza kulirithi, nalo lina kusifu ndani yake. Ila mwandishi wa kitabu cha somo hili asipite ukurasa wa kwanza bila kulieleza.

Kosa la pili ni la herufi moja, nalo limetuletea mzozo mrefu: udhibiti na uthibiti. Haya si maneno mawili ya asili moja. Dhibiti hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika kwa nguvu na kutawala. Thibiti hutokana na mzizi mwingine, wenye maana ya kusimama imara na kuwa kweli, ambao umetupa pia thabiti, thibitisha na ithibati. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi zake zimewekwa katika ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ameitwa kwa haki: hushika mlango wa hazina, fedha zisitoke bila idhini. Wakaguzi wa shule wa Tanzania walipogeuzwa jina katika miaka ya 2010 wakawa wathibiti ubora, mbunifu wa jina hilo alijua alitendalo, maana kuhakikisha kwamba shule ni thabiti si sawa na kuikamata shingo. Hata hivyo watu wengi, walimu wakiwamo, husema na kuandika "wadhibiti". Siwalaumu sana. Thibiti halikuwa na kazi nyingi katika lugha ya kawaida, wala halichukui mtendwa kwa urahisi; thibitisha ndilo lichukualo. "Wathibitishaji wa ubora" lingekuwa jina refu zaidi, lakini lingejilinda lenyewe.

Juu ya kusahihisha na kurekebisha nitasema kidogo. Wakaguzi hutofautisha kuondoa kasoro iliyoonekana na kuondoa sababu yake. Paa likivuja, kuna kukinga ndoo, kuna kukausha sakafu, na kuna kupanda juu kuziba tundu. Taarifa zetu huyaita yote "marekebisho", na mkuu wa idara aliyenunua ndoo huandika kwamba hoja imefungwa.

Sasa nije kwenye hati. Kiingereza kina aina nne za maoni ya mkaguzi wa hesabu, na majina yake ni mtego hata kwa wenyewe, kwa kuwa neno linalomsifu mtu kwa ujuzi wake huwa ni aibu likitajwa juu ya hesabu. Kiswahili kiliukwepa mtego huo. Hati yenye shaka ni hati yenye shaka, hakuna atakayedanganyika. Hapo tumewashinda. Lakini tukishuka zaidi, mazungumzo ya mtaani huyatia maoni mawili katika kapu moja la "hati chafu": ya mkaguzi aliyepata ushahidi akaona hesabu zinapotosha, na ya mkaguzi aliyenyimwa ushahidi wa kutosha akashindwa kutoa maoni. Asemaye "ni uongo" na asemaye "sikuonyeshwa" hawakusema neno moja.

Linalonitia hofu zaidi ni hati safi. Niliwahi kuketi katika mkutano wa hadhara wa kata, na ofisa mmoja akatangaza kwa furaha kwamba halmashauri yao imepata hati safi. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja akasimama akauliza, "Mwanangu, kama hati ni safi, mbona zahanati yetu haina paa?" Ofisa akajibu, "Bibi, hilo ni suala jingine," na kwa kanuni za kazi yake alisema kweli. Maoni hayo huhusu taarifa za fedha tu: kwamba zimeandaliwa kwa kanuni na hazina upotoshaji mkubwa. Mkaguzi hupima sampuli, hatazami kila stakabadhi. Hutoa uhakika wa kiasi cha kuridhisha, si uhakika kamili. Fedha zaweza kutumiwa kipumbavu, zikaandikwa vizuri, na hati ikatoka safi. Taarifa hiyo hiyo yaweza kuwa na hoja nyingi katika kurasa zake za ndani.

Lakini bibi hakukosea Kiswahili. Safi, kwetu, husemwa juu ya maji, moyo, nia na mikono. Mtu mwenye mikono safi hakuiba. Neno lililochaguliwa lilimwahidi bibi jambo ambalo mkaguzi hakuliahidi, na waliolitamka mbele yake walijua tofauti hiyo wakanyamaza, kwa kuwa makofi yalikuwa matamu. Lugha rasmi ilikuwa na "hati inayoridhisha", ambayo ina adabu zaidi, ingawa nayo humwacha msikilizaji akiuliza imemridhisha nani.

Ningeona afadhali neno hati liondolewe kabisa, maana hugeuza maoni ya mtu kuwa cheti cha kutundikwa ukutani, na mahali pake isomwe sentensi nzima: "Mkaguzi ameona kwamba hesabu zimeandikwa inavyotakiwa, hakusema kwamba fedha zimetumika vizuri." Ni ndefu kuliko maneno mawili, lakini ubao wa matangazo wa kata ile, nilipoutazama tukiondoka, ulikuwa na nafasi ya kutosha.