Dhoruba ya Mirihi katika Sinema ya The Martian

Sinema ya The Martian, iliyoongozwa na Ridley Scott na kuanza kuonyeshwa katika majumba ya Marekani tarehe 2 Oktoba 2015, yatokana na riwaya ya Andy Weir yenye jina hilo hilo. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Watu sita wamo katika sayari ya Mirihi. Dhoruba yawashukia. Mmoja wao, Mark Watney, apigwa na kipande cha mtambo na kutupwa gizani. Wenziwe wadhani amekufa, nao wapanda chombo chao na kuondoka kabla hakijaanguka. Watney hakufa. Sehemu kubwa iliyobaki yaeleza jinsi mtu mmoja, kwa viazi, solotepu na hesabu, alivyokaa hai hata wenziwe wakarudi kumchukua. Sifa kubwa iliyopewa sinema hii ni ya ukweli wa kisayansi, na sifa hiyo ndiyo ipasayo kupimwa, kwa kuwa sinema yenyewe yaidai.

Mahali pa kupimia si lazima pawe chuoni. Katika mji wa Chato, mkoani Geita, kwenye ufuko wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria, sinema za kigeni zimezoeleka katika mabanda ya video, huku sauti ya mfasiri ikipita juu ya sauti za wachezaji. Ni mtindo uliopata umaarufu Tanzania kwa sauti ya Lufufu na Kenya kwa sauti ya DJ Afro. Wenyeji wa huko ni wavuvi, wakulima na wachimbaji wa dhahabu. Mvuvi ajua upepo, mkulima ajua kiazi, mchimbaji ajua hewa. Si rahisi kupata baraza lifaalo zaidi kuhukumu sinema ambayo mambo yake makubwa ni upepo, kiazi na hewa.

Upepo ndio uanzao. Katika riwaya dhoruba yavuma kwa mwendo wa kilomita 175 kwa saa. Katika sinema yang'oa mitambo na kuinamisha chombo cha kupandia. Mvuvi wa dagaa akiambiwa mwendo huo atakubali mara moja kwamba hapana mtumbwi utakaosalimika. Walakini atakuwa amekadiria kwa hewa ya Ziwa. Nguvu ya upepo haitokani na mwendo peke yake, bali na mwendo pamoja na wingi wa hewa iendayo. Hewa ya Mirihi ni haba mno: kanieneo yake haifiki asilimia 1 ya ile ya usawa wa bahari duniani, na mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ina gramu 20 tu hivi, hali katika Chato, palipo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, mita hiyo yapata kilo moja. Na kwa kuwa nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, hesabu yatoa jibu hili: upepo wa Mirihi wa kilomita 175 hausukumi zaidi ya upepo wa Chato wa kilomita 24 hivi kwa saa. Huo ni upepo wa mchana utokao Ziwani na kupeperusha kanga zilizoanikwa. Tena upepo wa dhoruba kali kabisa za Mirihi hukadiriwa kuwa wa kilomita 100 kwa saa tu, au karibu ya hapo.

Kosa hili lajulikana, na Weir mwenyewe amekiri hadharani kwamba alilijua alipokuwa akiandika; alitaka maumbile ndiyo yapige pigo la kwanza. Watetezi wake husema kwamba mtunzi ana haki ya uwongo mmoja wa kuanzia, kama vile msimulizi wa ngano alivyo na haki ya kumpa sungura ulimi wa kusemea. Hoja hiyo ina uzito. Mtu akiisha kukubali kwamba sungura asema, hana haja ya kuuliza habari za koo lake. Lakini sharti la ngano ni kwamba sungura aliyesema mwanzo asiwe bubu katikati bila sababu, na hapa ndipo sinema ishindwapo kwa kanuni yake yenyewe.

Kwani Watney aokokaje? Aokoka kwa kusafiri kilomita 3,200 mpaka shimo kuu la Schiaparelli, ambako chombo cha kupandia cha safari inayofuata kimekwisha kutangulizwa, nacho chasimama peke yake kikiwangoja watu ambao hawatafika ila baada ya miaka. Ikiwa dhoruba za Mirihi zaweza kuangusha chombo cha namna hiyo mbele ya watu sita, hiki cha pili kimesimamaje muda wote huo bila mtu wa kukiegemeza? Na wakuu wa safari walipataje ujasiri wa kukitanguliza? Ama dhoruba ni kali, na chombo cha Schiaparelli kingekuwa chini kifudifudi; ama si kali, na Watney hakuwa na sababu ya kuachwa. Kisa chahitaji yote mawili. Wahakiki wengi wamelaumu fizikia ya dhoruba wakaliacha pengo hili, nalo ndilo kubwa zaidi, kwa sababu kulitambua hakuhitaji elimu yoyote ya Mirihi.

Baada ya dhoruba sinema yatulia, na yafaa isifiwe. Maji ayatafutayo Watney ayapata kwa kuvunja haidrazini, ambayo ni mafuta ya roketi, na kuiunguza haidrojeni itokayo humo. Njia hiyo ni ya kweli, na hatari yake ni ya kweli pia. Chombo cha Pathfinder anachokifukua kilitua Mirihi mwaka 1997. Mazungumzo na dunia huchelewa kwa dakika nyingi, kama ilivyo haki ya umbali. Juu ya viazi pana neno moja la kuongeza. Chombo cha Phoenix kiligundua mwaka 2008 kwamba udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti, zenye madhara kwa mlaji. Chumvi hizo zaweza kuoshwa kwa maji, lakini Watney haoshi wala hazitaji. Mkulima wa Usukumani, azoeaye kukatakata viazi vitamu na kuvianika viwe michembe ya kulia wakati wa njaa, ataona upungufu mwingine: mtu mwenye viazi vichache na siku nyingi hakufikiri juu ya kuvikausha, na hali baridi na uhaba wa hewa wa nje ungalimfanyia kazi hiyo bila jua.

Jambo la hewa ni zito kuliko yote, nalo lagusa lugha. Makao ya Watney yapasuka mlangoni. Naye aziba tundu kwa turubai la nailoni na solotepu, kisha alala humo, huku turubai likipigwapigwa na upepo wa usiku. Picha yatisha vizuri, lakini ni ya uwongo. Kama hewa ya ndani ni sawa na ya usawa wa bahari, na tundu lina eneo la mita 3 za mraba, basi turubai lasukumwa kwa nguvu ya tani 30 hivi, yaani uzito wa lori kubwa lililojaa mawe ya mgodi. Hata hewa hiyo ikipunguzwa mpaka theluthi, solotepu haitashika tani 10. Tena msukumo huo wote waelekea nje. Turubai lingekuwa limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma, wala lisingechezacheza.

Mfasiri wa banda afikapo hapo husema “presha”, na mchimbaji humwelewa, kwa kuwa yeye huita hivyo nguvu ya kompresa ipelekayo hewa shimoni kwa mpira. Neno hilo lakini limekwisha kubeba maradhi ya moyo na hofu ya mitihani, na halimwonyeshi mtu namna ya kupiga hesabu. Kanieneo, neno la vitabu vya fizikia lililochekwa na wengi kwa ugeni wake, lina kani na lina eneo ndani yake. Mwenye kulisikia aweza kuuliza: kani kiasi gani, juu ya eneo gani? Maswali hayo mawili ndiyo yanayoliangusha turubai la Watney. Ni nadra istilahi kufanya kazi ya uhakiki namna hii.

Uzito nao una mkorogano wake. Katika Mirihi mtu huvutwa kwa asilimia 38 ya mvuto wa dunia, lakini wachezaji watembea kama wasafiri wa jangwa la Wadi Rum, huko Yordani, ambako picha za nje zilipigwa. Kusema kwamba Watney “amepungua uzito” ni kusema mambo mawili kwa pamoja: uzito ulipungua siku aliyotua, tungamo lilipungua alipoanza kuhesabu viazi. Mfasiri asiyetenganisha maneno hayo aificha njaa ya mtu huyu nyuma ya sayari yake.

Siku 3 baada ya sinema hii kuanza kuonyeshwa Marekani, tarehe 5 Oktoba 2015, mgodi wa Nyangalata wilayani Kahama, mkoani Shinyanga, uliporomoka na kuwafukia wachimbaji. Mmoja alifia humo. Watano waliopolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41. Walikuwa wamekula vyura na wadudu, na kunywa maji machafu yaliyovuja kutoka juu. Si neno geni kulinganisha shimo na anga: wachimbaji wadogo wa tanzanite huko Mererani huitwa wanaapolo, jina ambalo husemekana lilitoka kwa vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini. Ukanda wa dhahabu ni mmoja kutoka Kahama hata Geita, na mtazamaji wa Chato hawezi kumtazama Watney kama mgeni. Aijua hali ya mtu aliyedhaniwa amekufa, na ajua kwamba kinachomweka hai ni vitu vidogo vyenye kuhesabika: hewa kiasi hiki, maji kiasi hiki, chakula cha siku ngapi. Kwa saa nzima na zaidi sinema yasema naye kwa lugha hiyo.

Ndiyo sababu mwisho wake waudhi. Watney, akiwa angani na mbali na mkono wa mwokozi wake, atoboa glavu ya vazi lake na kuruka kwa hewa itokayo, kama shujaa wa katuni Iron Man amtajaye yeye mwenyewe. Mavazi ya namna hiyo, katika safari za kweli, hujazwa hewa ya karibu theluthi moja ya kanieneo ya usawa wa bahari. Tundu la sentimita moja ya mraba latoa nyutoni chache tu za msukumo, na mkono ukienda kombo kidogo na kitovu cha tungamo, mtu huzunguka kama pia badala ya kwenda mbele, huku akimwaga pumzi aliyobakiwa nayo. Katika riwaya wazo hilo limo pia, lakini kama mzaha. Watney alitoa, na mkuu wa chombo alikataa, na kazi ikafanywa kwa kupunguza mwendo wa merikebu na kumpeleka mtu mwenye kamba. Waandishi wa sinema walikuwa na ukurasa huo mbele yao.