Redio Kubwa ya Mbao: Igeuze Nyuma Kwanza

Redio ya zamani iliyofufuliwa huuzwa kwa sura: kasha linang'aa, kitambaa cha spika ni kipya, vitufe vimesuguliwa. Ukioneshwa ya namna hiyo Ngenge, Muleba mjini au Bukoba, usiisifu bado. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chomoa waya wa umeme, igeuze, fungua kifuniko cha nyuma. Tazama bila kugusa, maana kapasita kubwa huweza kubaki na chaji hata baada ya redio kuzimwa.

Soma vali

Redio nyingi kubwa za miaka ya 1950, wakati kituo cha Sauti ya Dar es Salaam, kilichoanza 1951, kikirusha matangazo, zilitumia vali, zile taa za kioo zinazopaswa kupata moto kabla sauti haijatoka. Katika vali za Ulaya, kama za Philips, herufi ya kwanza ina habari. D ni ya volti 1.4: hiyo ni redio ya betri, iliyofaa nyumba zisizo na umeme. E ni ya volti 6.3, na kwa kawaida redio yake ina transfoma. Ukiona U, kaa chonjo: mara nyingi chasisi imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo hakikisha hakuna skrubu wala chuma cha kitufe kinachofikiwa na mkono. Chungulia pia doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likigeuka jeupe, hewa imeingia na vali imekufa.

Pima mkono wa fundi

Kapasita za karatasi huvuja zikizeeka, na moja tu ikivuja mahali pabaya huunguza vali ya sauti pamoja na transfoma yake. Fundi aliyeziacha hajamaliza kazi. Aliyeng'oa kila kitu, hata vizima, amebakiza kasha tu. Kazi bora hubadilisha kilichokufa, kwa kipimo kilekile na volti zinazotosha. Lehemu ni safi, waya hazikuzungushiwa plasta. Omba kuona vipuri vilivyotolewa. Fundi anayejiamini huvitunza.

Gonga mbao

Unyevu wa Ziwa Victoria hulegeza gundi. Gonga kasha kwa kucha; panapolia uwazi, ngozi ya mbao imeachia. Unga laini ukidondoka chini, wadudu bado wanakula. Vanishi nene isikudanganye, wala mikwaruzo isikutishe: redio iliyosikilizwa Kagera wakati wa vita vya 1978 na 1979, watu wakisubiri taarifa, ina haki ya makovu yake.

Sikiliza

Washa, kisha punguza sauti hadi mwisho. Mvumo mzito ukibaki, kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Zungusha kitafutio: mshale utembee toka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Stesheni yenye nguvu huipendelea kila redio, kwa hiyo subiri usiku, funga waya mrefu wa antena nje, utafute stesheni dhaifu kwenye masafa mafupi. Iache iimbe saa nzima. Ikitoa harufu ya kuungua au sauti ikififia, izime.

Ukifika kwenye bei, panga hivi: kwanza usalama, pili sauti, tatu kasha. Iliyochubuka nje na safi ndani ichukue. Iliyo kinyume chake, usiilipie zaidi ya bei ya kabati.