Panki ya Pwani: Nani Mwenye Vyombo?

Neno "panki" si geni kwetu. Kinyozi yeyote wa Bagamoyo mwenye umri kidogo anaujua mtindo wa kunyoa wenye jina hilo. Watu wa Mwanza nao wanayajua "mapanki", vile vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kupakiwa kwenda Ulaya, ambayo mwenye njaa huikaanga akala na wanawe. Maana ya tatu ndiyo ngeni kidogo: ule muziki wa vijana wa Uingereza wa miaka ya 1976 na 1977, magitaa yanayokwaruza, mwimbaji anayepayuka, na msimamo wa kwamba usingoje ruhusa ya mtu, jifanyie mwenyewe.

Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ilitoa albamu ya kundi la Jagwa Music la Dar es Salaam, inaitwa Bongo Hotheads. Huko Ulaya wakaupachika muziki ule jina la panki ya Kiafrika. Jagwa wanapiga mchiriku, ambao wengine wanauita mnanda, na mchiriku sisi tunaujua tangu tukiwa wadogo. Sasa hebu tuulizane, wasomaji: jina hilo ni sifa, ni matusi, au ni uvivu wa mhakiki tu? Mimi nasema ni nusu ya ukweli. Na ile nusu iliyoachwa ndiyo yenye faida kwetu sisi tunaojifunza kuandika.

Tuanze na hao Waingereza. Kila mtu anawataja Sex Pistols, jinsi kampuni ya EMI ilivyowatimua Januari 1977, na jinsi BBC ilivyokataa kupiga wimbo wao juu ya Malkia mwaka huohuo, wakati taifa linasherehekea miaka 25 ya utawala wake. Hiyo ni kelele nzuri, lakini mimi hainigusi sana. Kinachonigusa ni Buzzcocks, vijana wa Manchester. Walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo nne mwishoni mwa Desemba 1976, na mwezi uleule wa Januari 1977 wakatoa sahani 1,000 kwa nembo yao wenyewe, wakauza. Basi. Hawakumtukana Malkia, lakini walionyesha kwamba lile jumba kubwa la London lenye studio, mawakili na makatibu muhtasi si lazima. Na mwaka mmoja nyuma kijana mmoja karani wa benki, Mark Perry, alikuwa ameanzisha jarida la Sniffin' Glue, kurasa chache za taipu, vichwa vya habari kaviandika kwa kalamu ya wino mzito, zimebanwa kwa pini. Wenye kusoma gazeti letu hili wanaelewa ninachosema.

Kwa hiyo panki ilikuwa na siasa mbili. Moja ya maneno: kumtaja Malkia, kutaja ukosefu wa kazi, kupinga ubaguzi. Nyingine ya vyombo: nani mwenye mashine, nani anaamua kipi kitoke. Watu huikumbuka ya kwanza kwa sababu inaandikika vizuri magazetini. Mimi naishika ya pili, maana ndiyo inayotuleta nyumbani.

Turudi nyuma kidogo, msomaji. Enzi za Ujamaa nani alikuwa na gitaa katika nchi hii? NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi; baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, ana mshahara, na hilo si jambo la kudharau hata kidogo. Muziki uliotoka pale ni hazina. Lakini magitaa, vikuza sauti na ngoma vilikuwa mali ya shirika. Ukigombana na wakubwa unaondoka na sauti yako tu. Ukitaka kurekodi, mlango mkuu ulikuwa Radio Tanzania. Na ilipokuja miaka ya 1990 na vyama vingi, CCM ilikuwa na kundi lake, Tanzania One Theatre, chini ya Kapteni John Komba, lenye vyombo vya uhakika na taarabu ya kukata na shoka. Mwenye vyombo hakuhitaji kumkataza mtu kuimba. Ilitosha kutokumwazima spika.

Hapo ndipo mchiriku unapoingia, na unaingia kwa mlango wa jikoni. Asili yake ni ngoma za Wazaramo, zile za harusi na za kumtoa mwali. Masela wa uswahilini hawakuwa na uwezo wa kununua gitaa la umeme. Walichopata ni vinanda vidogo vya Casio, ambavyo mwanamuziki wa ukumbini angemnunulia mwanawe achezee. Wakakiunganisha kinanda na kikuza sauti kichovu, sauti ikatolewa kwenye pembe kama zile za matangazo. Wakaweka ngoma kadhaa, na kigoda cha mbao kinachotwangwa kwa vijiti mpaka unashangaa kwa nini hakijapasuka. Juu ya vurugu hiyo mwimbaji anasimulia: mapenzi, ulevi, dawa za kulevya, ukimwi, dhiki ya kupanga chumba. Kwa miaka mingi redio haikuutaka muziki huu. Ukaitwa wa wahuni. Ukaishi kwenye kaseti na kwenye viwanja vya harusi.

Sasa sikiliza kwa sikio la mhakiki, si la shabiki. Kwanza, ile sauti ya kinanda inayokwaruza. Mzungu anasema "wamechagua uchafu". Hawakuchagua! Hayo ni mapanki, ndugu yangu: minofu imekwenda kwingine, wao wamepewa mifupa. Kijana wa Manchester alipokataa kupiga gitaa kwa ufundi, duka la magitaa lilikuwa mtaa wa pili. Kijana wa Mbagala hakuwa na duka la kulisusia. Hii ndiyo nusu iliyoachwa, na anayeisahau anageuza umaskini wetu kuwa pambo.

Lakini tusiishie hapo kwa kulia, maana kuna jambo la pili. Wapigaji walivikubali vinanda vile, wakavisoma, wakajua kila kitufe. Mpiga kinanda wa mchiriku hajaribu kuiga gitaa wala okestra. Anapiga kifungu kifupi, anakirudia mbio, anakigeuza kidogo mwimbaji anapopumua, na ule mkwaruzo unakuwa kama ngoma ya ziada. Miaka ikapita, vinanda vya kisasa vikajaa madukani, na Jagwa bado wakashikilia vile vya zamani. Hapo sasa ni uchaguzi. Shida iliwapa chombo, wao wenyewe wakakipa mtindo. Mhakiki asiyetenganisha hatua hizi mbili hajausikia muziki.

Na siasa je? Mshikaji mmoja hapa Bagamoyo huniambia mchiriku hauna siasa, ni nyimbo za walevi. Anataka mfano wa Nairobi, ambako lipo kundi la Crystal Axis, hao wanajiita panki kweli, na magitaa yao. Wameimba juu ya Mfalme Leopold na unyama wake Kongo, na juu ya Nyayo House, jengo ambalo wapinzani wa Moi waliteswa chini yake. Nawavulia kofia. Lakini nakataa kwamba siasa ni hiyo tu. Harusi ikifanyika Saadani, au Mkwaja kule, vyombo vya mnanda vinapakiwa garini, jenereta juu yake, vinashushwa uwanjani, na usiku ule kijana asiye na kazi anasimama mbele ya kijiji kizima anasema dunia ilivyo kwa maneno yake. Hakuna ofisa utamaduni aliyemwandikia shairi. Hakuna mradi uliompa mada. Kwa nchi ambayo msanii alizoea kupewa kipaza sauti pamoja na ujumbe wa kusema, hilo ni jambo kubwa.

Hata hivyo nisiwapambe. Kuwa na vyombo vyako hakukuondolei dola. Ngoma ya usiku inataka kibali, na bila kibali jenereta linazimwa. Walio na studio nao wameyaona: Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake, akaachiwa, na Rais Magufuli mwenyewe akasema upigwe. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza: kama wimbo unapigwa kwa hisani ya mkubwa, kesho hisani ikiisha? Haukupita mwezi, Aprili 2017, Roma Mkatoliki na wenzake walitekwa wakiwa studio, wakapatikana siku chache baadaye.

Tena lipo kosa la ndani, na hili ndilo linaniuma zaidi. Mchiriku ulimiliki vyombo, haukumiliki njia ya kumfikia msikilizaji. Kaseti zilidurufiwa na kila mwenye redio ya kaseti mbili, na mpigaji hakuona senti. Albamu iliyowapeleka Jagwa duniani ikatoka Brussels. Singeli, mtoto wa mchiriku na taarabu iliyokimbizwa kasi, naye amepita njia hiyohiyo: vijana katika studio ya Sisso walitengeneza kila kitu kwa kompyuta ya kawaida, lakini mkusanyo wao wa 2017, Sounds of Sisso, ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Siwalaumu waliotoa, walifanya ambacho sisi hatukufanya. Ila jifanyie mwenyewe inayoishia mlangoni ni nusu ya kazi. Waingereza wa kundi la Crass walilielewa hili: walichapa bei juu ya jalada la sahani, mwenye duka asiongeze hata peni. Hiyo ni siasa pia, na haina hata mstari mmoja wa kaulimbiu.

Kwa hiyo kuwaita Jagwa panki kunafaa kama tunazungumzia vyombo, na hakufai kama tunazungumzia chaguo la uchafu. Nasi waandishi chipukizi tujipime hapohapo. Tuna kalamu, tuna taipu ya kuazima, tuna mashine ya fotokopi ya pale stendi inayomeza karatasi. Hayo ni mapanki yetu. Tusijisifu nayo kana kwamba hadithi iliyochapwa vibaya ni bora kuliko iliyochapwa vizuri. Anayeandika ovyo akasema "huu ni mtindo wa mtaani" anawatukana wapiga kinanda wa mchiriku, maana wale wanafanya mazoezi mpaka vidole vinauma. Na tusikae tukingoja mchapishaji mkubwa wa Dar atuite. Tuandike, tusahihishane bila kuoneana haya, tuchape bei kwenye jalada, tuuze wenyewe kwa mkono, na daftari la hesabu tulitunze wenyewe.

Mtu akija kutupa karatasi za bure tumwulize swali moja kabla ya kushukuru: zikiisha hizi, mashine ni ya nani?