Fremu ya Norton, injini ya Triumph

Wanaozipenda pikipiki za mashindano za Uingereza za miaka ya 1950 na 1960 huvutwa kwanza na tangi refu la alumini, usukani ulioshushwa na kiti chenye kinundu nyuma. Mimi huwaambia watazame chini ya tangi. Mtindo ule umeishi kwa sababu ya mabomba mawili ya chuma yaliyokunjwa na fundi wa Belfast, Rex McCandless, akisaidiana na ndugu yake Cromie. Mengine yote yalikuja kuyafuata.

Kabla ya mabomba hayo, kampuni ya pikipiki ya Norton ilikuwa na injini nzuri ndani ya fremu mbaya. Gurudumu la nyuma lilipanda na kushuka kwa springi fupi mbili zilizosimama wima kwenye ekseli, fremu yenyewe ilikuwa nzito, na ilikuwa na tabia ya kupasuka. Ikabandikwa jina la geti la bustani.

McCandless alichora upya kila kitu. Fuata bomba moja kwa kidole. Linaanzia chini ya shingo ya usukani, linakwenda nyuma chini ya tangi, linakunja kushuka nyuma ya giaboksi, linarudi mbele chini ya injini, kisha linapanda hadi juu ya shingo ileile. La pili linapita njia hiyohiyo upande wa pili. Sasa tazama pale shingoni: sehemu inayoanzia chini na inayoishia juu hazina budi kupishana, na zinapopishana huungwa, panatokea pembetatu. Pale ndipo penye mzigo mkubwa kuliko pote. Ukikamata breki, uma wa mbele unataka kuipinda shingo; ukiingia kona, gurudumu la nyuma linataka kushika njia yake. Fremu ikikubali kupinda hata kidogo, pikipiki inayumba na dereva analegeza mkono. Ile haikupinda. Nyuma uliwekwa mkono unaobembea kwa shokapu mbili, na injini ikasogezwa mbele ili gurudumu la mbele libebe uzito wa kutosha kung'ang'ania lami.

Chuma chenyewe kilikuwa Reynolds 531, chembamba na kigumu. Viungo vilichomelewa kwa gesi na ujiti wa shaba, kwa kuwa chuma cha aina ile kikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu kando ya kiungo. Fremu za mashindano zilijengwa kwenye kiwanda cha Reynolds, Birmingham, ambako Ken Sprayson alikuwa bingwa wa kazi hiyo.

Harold Daniell, dereva wa mashindano wa Norton, alipoijaribu alisema ni kama kulalia godoro la manyoya, na jina la Featherbed likabaki. Juni 1950, kwenye mashindano ya TT ya Isle of Man, mzunguko wa kilomita 60.7 wa barabara za kawaida, Norton zilishika nafasi tatu za kwanza katika daraja la Junior na tatu za kwanza katika daraja la Senior. Artie Bell alichukua Junior, Geoff Duke akachukua Senior akiwa ndani ya suti ya ngozi ya kipande kimoja aliyoshonewa na fundi cherehani wa mjini kwao, St Helens, ili upepo usimkamate. Gilera ya Italia ilikuwa na silinda nne na nguvu zaidi. Norton ilikuwa na silinda moja tu. Duke aliifidia ile tofauti kwenye kona. Ubingwa wa dunia aliukosa kwa pointi moja, 27 dhidi ya 28 za Umberto Masetti wa Gilera, baada ya gamba la tairi kubanduka Ubelgiji na tena Uholanzi. Kwa maoni yangu, fremu ilikuwa imewatangulia watengeneza tairi.

Basi ikawaje fremu hii ikafika mikononi mwa vijana wa mitaani? Sehemu ya jibu ni magari. Magari madogo ya Formula 3 yalitumia injini za cc 500, na ile ya pikipiki ya mashindano ya Norton Manx ilitafutwa sana. Norton haikuuza injini peke yake, hivyo mwenye gari alinunua pikipiki nzima, akang'oa injini, akabaki na fremu asiyoihitaji. Wakati huohuo kampuni ya Triumph ilikuwa na injini ya silinda mbili yenye nguvu, rahisi kuipata na rahisi kuiongezea kasi. Pikipiki yake ya Bonneville ya cc 649 ilipotoka 1959 ikiwa na kabureta mbili, ndoa ya Triumph na Norton ikakamilika: Triton.

Ufundi wote wa Triton umo kwenye sahani za alumini zinazoshika injini. Kabla ya 1963 injini ya Bonneville na giaboksi yake vilikuwa vipande viwili, kwa hiyo fundi aliweza kupanga kila kimoja mahali pake. Alikata sahani, akatoboa matundu, akaiweka injini chini na mbele kadiri ilivyowezekana, huku akihakikisha sproketi ya giaboksi na ya gurudumu la nyuma ziko kwenye mstari mmoja. Akikosea kidogo, mnyororo unakula meno. Kisha kuna mtetemo. Pistoni mbili za Triumph hupanda na kushuka pamoja, na fremu isiyopinda haimezi mtetemo ule. Ndiyo maana kichwa cha silinda kilifungwa kwenye fremu kwa kishikizo, na sahani nyembamba zilipasuka mapema.

Sura ilifuata kazi. Usukani wa vipande viwili ulifungwa kwenye miguu ya uma ili kifua kilale juu ya tangi. Kifua kikilala, magoti hayana pa kwenda, hivyo vikanyagio vikarudishwa nyuma. Kinundu cha kiti kilizuia makalio yasiteleze injini inapovuta. Vijana waliokusanyika kwenye mkahawa wa Ace Cafe, North Circular Road, London, walitaka kufika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161, na mwili uliolala ulipunguza upepo. Mwendo wa polepole mjini uliwaumiza viganja, wakavumilia.

Siku hizi nakutana na pikipiki mpya zenye usukani wa chini na kiti cha kinundu huku vikanyagio vimeachwa mbele. Anayeiendesha anakunjika, hana mamlaka na gurudumu la mbele, na sura yote inakuwa haina maana. Inanisikitisha, kwa sababu jambo lenyewe ni rahisi kulisoma ukikaa na Triton halisi kwa nusu saa ukiwa na spana mkononi.

Na Triton halisi haikuwa ya kuringia mkahawani tu. Mwaka 1965 madereva Dave Degens na Rex Butcher walipeleka moja Barcelona, kwenye mashindano ya saa 24 ya Montjuïc, wakashinda. Fremu ya McCandless ilikuwa na umri wa miaka 15.