Dawa Ipi Ishuke Kwanza

Mgonjwa aliyepandikizwa figo anapolazwa kwa korona kali, wengi huanza kwa kuuliza aongezewe dawa gani. Kwa maoni yangu, la kwanza ni apunguziwe ipi. Kila siku mtu huyu humeza dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae kiungo kigeni, kwa kawaida takrolimusi, maikofenoleti na prednisoloni, na hazina uzito sawa virusi vinapoingia. Ushahidi wa chanjo ulilionyesha hilo mapema. Mwaka 2021 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo na kupata dozi mbili za chanjo ya mRNA. Asilimia 54 tu walikuwa na kingamwili, na waliotumia maikofenoleti au dawa za jamii yake walikuwa nyuma zaidi. Dawa hiyo huzuia seli za kinga zisizaliane, kazi ileile zinayotakiwa kuifanya kwa kasi mwili unaposhambuliwa. Ndiyo maana vituo vingi vya upandikizaji viliisimamisha hiyo kwanza au kuipunguza, na naona vilifanya sawa.

Atatokea wa kuuliza: uhai ukiwa hatarini, kwa nini zisikatwe zote? Hoja hiyo ina uzito, kwani mwenye figo anaweza kurudi kwenye kusafishwa damu. Lakini aliyepandikizwa moyo au mapafu hana pa kurudi. Isitoshe, kinga haiamki usiku mmoja kwa kuwa vidonge vimeachwa, na prednisoloni iliyomezwa kwa miaka ikikatwa ghafla, tezi za adrenali zilizokwisha kulala haziwezi kuziba pengo, na shinikizo la damu laweza kuporomoka. Atakayekata zote atakuwa ameongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Penye ugumu hasa ni kwenye dawa za virusi zenyewe. Nirmatreliviri hutolewa pamoja na ritonaviri, dawa ambayo waganga wa Afrika Mashariki wanaifahamu tangu zamani katika matibabu ya VVU. Ritonaviri hufunga kimeng'enya cha ini, CYP3A4, ili nirmatreliviri isivunjwe upesi. Bahati mbaya, kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja takrolimusi. Mgonjwa akiendelea na dozi yake ya kila siku, takrolimusi hujaa kwenye damu, mikono hutetemeka, potasiamu hupanda, na figo iliyokusudiwa kulindwa huumia. Suluhisho lililotumika ni kusimamisha takrolimusi saa 12 hivi kabla ya dozi ya kwanza na kutoitoa siku zote tano za tiba. Anayeogopa kwamba figo itabaki bila ulinzi asahau hofu hiyo: ini limefungwa, kwa hiyo dawa iliyomo mwilini hupungua polepole mno. Kazi ipo baada ya hapo. Ritonaviri huchukua siku mbili tatu kuachia ini, na takrolimusi hurudishwa kwa kufuata kiwango kilichopimwa kwenye damu. Hospitali isiyopata majibu ya kipimo hicho kwa wakati isianze njia hii. Itumie dawa nyingine ya virusi, remdesiviri ya mshipani kwa siku tatu, ambayo haigongani hivyo na takrolimusi. Katika jaribio la watu 562 ambao hawakuwa wamelazwa, ilipunguza kulazwa au kufa kwa asilimia 87, ingawa waliopandikizwa viungo hawakuwa kundi kubwa humo na dawa ilianza ndani ya siku saba za dalili.

Siku hizo saba za mwanzo ni za kupambana na virusi, na ndizo zinazonifanya nisikubaliane na wanaoharakia deksamethasoni, dawa ya kushusha kinga ya jamii ya prednisoloni. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka 2020, lilitumia miligramu 6 kwa siku. Vifo vya waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, lakini wasiohitaji oksijeni hawakufaidika. Miligramu hizo 6 ni sawa na takriban 40 za prednisoloni, mzigo mzito kwa mtu ambaye kinga yake imeshashushwa. Basi ingojwe mpaka oksijeni ihitajike, na ikianza, bakteria na fangasi watafutwe kila siku. Maikofenoleti irudi mwisho, mgonjwa akishaacha oksijeni na homa ikiwa imekwisha, kwa dozi ndogo inayopandishwa huku kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ikifuatiliwa.